Moyo kati ya moshi na miti: hewa ya mjini inatufanya nini hasa?

Kila inapotangazwa kwamba hewa ya jiji fulani imechafuka, mazungumzo huelekea palepale: kikohozi, pumu, watoto wadogo. Wenye pumu wanaambiwa wakae ndani, na asiye na tatizo la kupumua anaona tangazo halimhusu. Kisha linakuja jibu jepesi: tupande miti, miti itasafisha hewa. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinapotosha. Mapafu ndiyo njia ya kuingilia, lakini mzigo mkubwa wa hewa chafu hubebwa na moyo na mishipa ya damu. Miti nayo inaulinda moyo kweli, ila kazi yake kubwa haiko kwenye kuchuja moshi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani. Ukivigawa vifo hivyo kwa aina ya ugonjwa, asilimia 68 vilitokana na ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo pamoja na kiharusi. Magonjwa sugu ya kuziba njia za hewa yalichukua asilimia 14, maambukizi makali ya mapafu asilimia 14 nyingine, na saratani ya mapafu asilimia 4. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu watatu wanaouawa na hewa chafu, wawili wanakufa kwa moyo au kiharusi. Ndugu zao wengi hawatajua kamwe kwamba hewa ilihusika, kwa sababu cheti cha kifo hakiandikwi "moshi".

Tuelewane kwanza kwa maneno

Hewa chafu ni mchanganyiko. Ndani yake mna gesi, kama nitrojeni dayoksaidi inayotoka kwenye injini, hasa za dizeli. Mna pia ozoni ya karibu na ardhi, ambayo haitoki kwenye bomba la gari moja kwa moja. Hutengenezwa pale jua kali linapozikuta gesi nyingine angani. Halafu mna chembe, yaani punje ndogo mno zinazoelea, nyingine ngumu, nyingine za majimaji. Chembe zinazowahangaisha zaidi madaktari wa moyo ni zile laini zinazoandikwa PM2.5, kwa maana kwamba upana wake haufiki au hauzidi maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe ishirini au zaidi zinaweza kupangwa mstari mmoja kuvuka unywele. Zinatoka kwenye injini, mitambo ya makaa ya mawe, viwanda, takataka zinazochomwa, misitu na mashamba yanayoungua, kuni na mkaa. Hutoka hata kwenye breki na matairi yanayolika, na ndiyo maana gari la umeme, pamoja na faida zake zote, bado linaacha vumbi barabarani.

Wingi wa chembe hizo hupimwa kwa maikrogramu katika mita moja ya ujazo wa hewa. Nitakapotaja namba hapa, ndicho kipimo chenyewe.

Maeneo ya kijani ni sehemu zote za mji zenye mimea: bustani kubwa za umma, miti ya kando ya barabara, kingo za mito, viwanja vya nyasi, makaburi yenye miti, ua wa shule. Watafiti wengi huyapima kwa picha za setilaiti, wakiangalia ni kiasi gani cha kijani kinachozunguka nyumba ya mtu ndani ya mita 300 au 500.

Na magonjwa ya moyo na mishipa ni familia kubwa. Mshtuko wa moyo hutokea ateri, yaani mshipa wa damu, inayolisha msuli wa moyo inapoziba ghafla. Kiharusi hutokea mshipa wa ubongoni unapoziba au kupasuka. Wapo ndugu wengine: shinikizo la juu la damu, moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, mapigo yaliyopoteza mpangilio. Familia hii iliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani. Jambo lolote linaloongeza au kupunguza vifo vya familia hiyo hata kidogo tu lina uzito mkubwa.

Chembe inatokaje puani hadi moyoni?

Pua na koo hunasa vumbi kubwa, nasi tunalitoa kwa chafya na makohozi. Chembe laini hupita. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba kupindukia, maana bila wembamba huo oksijeni isingevuka. Zikifika hapo, mambo matatu huanza.

La kwanza ni mwili kujihami. Seli za kinga huzimeza chembe hizo, zikishindwa kuzivunja hutoa kemikali za kuomba msaada, na kemikali hizo hazibaki mapafuni. Husambaa na damu mwili mzima. Madaktari wanaiita hali hii inflamesheni. Kwenye kidonda cha ngozi unaiona kwa wekundu na uvimbe, lakini ndani ya ateri huioni wala huisikii. Kama ateri ilikuwa tayari na utando wa mafuta ukutani, inflamesheni huudhoofisha utando huo hadi uweze kupasuka, na wakati huohuo huifanya damu iwe rahisi kuganda. Utando ukipasuka, damu ikagandia hapo, ndio mshtuko wa moyo.

La pili hupitia kwenye neva, nalo ni la haraka. Njia za hewa zina vihisio ambavyo vikichokozwa hupeleka taarifa kwenye mfumo wa neva unaoendesha moyo bila sisi kuamua. Mfumo huo huelemea upande wa tahadhari: mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda, moyo hupoteza wepesi wake wa kubadili kasi. Hili halihitaji miaka. Linaweza kutokea wakati mtu bado yuko kwenye foleni ya magari.

La tatu lilibishaniwa kwa muda mrefu: je, chembe zenyewe zinaweza kuingia kwenye damu? Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh, Scotland, walichapisha jaribio la busara sana. Walitaka chembe ndogo ambayo ni salama, haidhuru, na kwa kawaida haimo mwilini, ili ikionekana popote wajue imetoka wapi. Wakachagua dhahabu. Watu waliojitolea walivuta chembe ndogo mno za dhahabu, na dhahabu ikaonekana kwenye damu yao ndani ya saa 24. Miezi mitatu baadaye ilikuwa bado inapatikana kwenye mkojo. Kisha wakafanya hivyo kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufanyiwa upasuaji wa ateri za shingo zilizoziba. Kwa baadhi yao, dhahabu ilikutwa ndani ya utando wa mafuta uliotolewa kwenye ateri. Ilikuwa imekwenda kujikusanya palepale penye ugonjwa.

Tukitaka kuona haya yakitokea kwa mtu aliye hai, kuna jaribio jingine la watafiti wa Edinburgh, la mwaka 2007. Wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na sasa wako imara walifanya mazoezi mepesi ndani ya chumba maalumu, siku moja wakivuta hewa iliyochujwa, siku nyingine hewa yenye moshi wa dizeli uliopunguzwa makali. Hawakujua ni siku ipi. Siku ya dizeli, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha msuli wa moyo ukikosa oksijeni zaidi, na uwezo wa mwili kuyeyusha damu iliyoganda ulishuka. Kiwango chenyewe hakikuwa cha kutisha; ni kama cha barabara yenye msongamano.

Saa, na miaka

Watu wengi huamini hewa chafu huua polepole tu, kwa kukusanyika. Ushahidi unasema inafanya kazi kwa kasi mbili. Huko Augsburg, Ujerumani, watafiti waliwahoji watu karibu 700 walionusurika mshtuko wa moyo, wakawauliza walikuwa wapi na wakifanya nini, saa kwa saa, siku chache kabla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyetoka kukaa kwenye msongamano wa magari, iwe kwa gari lake, basi au baiskeli, alikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi wa kupata mshtuko katika saa iliyofuata. Ni kweli kwamba kwenye foleni kuna pia kelele na hasira, na utafiti huo haukuweza kuvitenga kabisa.

Kasi ya pili ni ya miaka. Nchini Marekani, mradi unaoitwa MESA Air uliwafuatilia watu wazima karibu 6,800 katika maeneo sita ya miji kwa miaka kumi, ukapima chokaa inayojijenga kwenye ateri za moyo. Chokaa hiyo ni alama ya ateri kuchakaa. Walioishi penye chembe laini nyingi zaidi na gesi nyingi zaidi za magari, chokaa yao iliongezeka haraka zaidi. Nisisitize kwamba hii ni miji ambayo hewa yake, ukiilinganisha na majiji machafu zaidi duniani, ni nafuu sana.

Kuna habari njema humohumo. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 2008, mamlaka za Beijing zilizuia magari na kusimamisha viwanda. Watafiti walikuwa wamejiandaa: walipima damu ya vijana 125 wenye afya kabla, wakati wa michezo, na baada yake. Hewa iliposafika, alama za damu kutaka kuganda zilishuka. Magari na viwanda viliporudi, zikapanda tena. Vijana, wazima, ndani ya wiki chache. Kwangu mimi huu ni ushahidi wenye nguvu kuliko maonyo yote, kwa sababu unaonyesha mwili unaitikia unafuu haraka kama unavyoitikia madhara.

"Mbona mimi niko sawa?"

Hili swali ni la haki na linastahili jibu la wazi. Kwa mtu mmoja mmoja, hewa chafu huongeza hatari kwa kiasi kidogo. Sigara, shinikizo la damu lisilotibiwa na kisukari vina uzito mkubwa zaidi kwa mhusika. Tofauti ni kwamba sigara huvutwa na baadhi, hewa huvutwa na wote, kila siku, tangu kuzaliwa. Mwaka 2019 asilimia 99 ya watu duniani walikuwa wakiishi mahali ambapo viwango vya WHO havikufikiwa. Nyongeza ndogo ya hatari ikiwekwa juu ya mabilioni ya watu inazaa mamilioni ya vifo. Ndiyo maana unaweza kuishi mjini miaka hamsini ukiwa mzima, na bado takwimu zikawa za kweli.

Hatari hiyo pia haigawanyiki sawasawa. Mwenye ateri zilizokwisha kubanwa, mwenye kisukari, mzee, na yule ambaye kazi yake iko barabarani tangu alfajiri hadi usiku, hao hubeba sehemu kubwa kuliko wengine.

Wapo wanaosema wamezoea. Pua huzoea, ni kweli. Baada ya dakika chache huacha kuhisi harufu. Ateri hazina mazoea ya namna hiyo.

Na wapo wanaoamini macho: anga ni la buluu, basi hewa ni safi. Imani hii ina historia yake. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu mzito wa moshi wa makaa ya mawe. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo takribani 4,000 vya ziada. Uchambuzi wa baadaye ulipandisha hadi kama 12,000. Sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Tangu hapo dunia ikajifunza kuogopa moshi unaoonekana, na kuusahau usioonekana. Mwaka 1993 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani, ambayo hakuna hata mmoja uliokuwa na ukungu wa namna ile. Hata baada ya kuondoa athari za sigara na mambo mengine, kiwango cha vifo Steubenville, Ohio, uliokuwa mchafu zaidi, kilizidi kile cha Portage, Wisconsin, uliokuwa safi zaidi, kwa asilimia 26.

Kadiri utafiti ulivyosonga, ndivyo kiwango kinachokubalika kilivyoshuka. WHO ilikuwa ikipendekeza wastani wa mwaka wa chembe laini usizidi maikrogramu 10. Mwaka 2021 iliukata nusu, ukawa 5. Na hata hapo haikusema chini ya 5 hakuna madhara; hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kabisa.

Kisha kuna miti

Mwaka 2002 iligunduliwa huko Michigan kwamba mbawakawa wa kijani kutoka Asia ameingia Marekani. Mdudu huyu hushambulia hasa miti ya jamii moja, inayoitwa ash, na anapopita karibu yote hufa. Ilikuwa miti ya mitaani, ya mbele ya nyumba, ya bustanini. Iliangamia kwa makumi ya mamilioni. Watafiti wakajiuliza swali ambalo hakuna binadamu angeweza kulifanyia majaribio kwa makusudi: mtaa ukipoteza miti yake ghafla, watu wake wanapatwa na nini? Wakachunguza takwimu za vifo za majimbo 15 kati ya 1990 na 2007. Mahali mdudu alipofika, vifo viliongezeka, na kadiri alivyokaa ndivyo vilivyozidi. Jumla ilihusishwa na vifo vya ziada 15,080 vya moyo na mishipa, na 6,113 vya magonjwa ya njia za hewa. Angalia tena mpangilio ule: moyo kwanza, mapafu baadaye.

Uzuri wa utafiti huu ni kwamba mdudu hachagui mtaa kwa kipato. Moja ya hoja zinazovuruga tafiti za bustani ni kwamba wenye fedha hununua nyumba karibu na miti, na wenye fedha wana afya njema kwa sababu nyingine nyingi. Mbawakawa aliivunja hoja hiyo kwa kiasi fulani.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kusema: basi miti ilikuwa inachuja hewa. Majani kweli hunasa chembe na hufyonza gesi. Mahesabu yaliyofanywa kwa Marekani yalikadiria kwamba mwaka 2010 miti na misitu yake iliondoa tani milioni 17.4 za uchafu angani. Inaonekana kubwa mno hadi usome mstari unaofuata: hewa iliboreka, kwa wastani, kwa chini ya asilimia moja. Kutegemea miti isafishe hewa huku injini zikiendelea kutoa moshi ni kama kupiga deki wakati bomba limeachwa wazi.

Tena mti uliopandwa pasipofaa unaweza kudhuru. Kwenye barabara nyembamba iliyobanwa na majengo marefu pande zote, matawi yakikutana juu hufunga njia ya upepo, na moshi wa magari hubaki chini, usawa wa pua za wapita njia. Mahali kama hapo ua mnene wa vichaka kati ya magari na njia ya miguu husaidia kuliko miti mirefu. Aina nyingine za miti hutoa gesi ambazo, zikikutana na za magari kwenye jua, huongeza ozoni. Hakuna hata moja kati ya haya linalosema tusipande. Yanasema anayechora mji lazima ajue anachokipanda na mahali pake.

Kama kuchuja ni kidogo hivyo, moyo unafaidika na nini? Nafuu ya kwanza ni umbali. Uchafu wa barabara kubwa hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali, na ndani ya mita mia chache unakaribia kiwango cha kawaida cha mji. Bustani ni mahali ambapo magari hayapiti. Ya pili ni joto. Siku ya joto kali moyo hulazimika kusukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, huku jasho likipunguza maji na kuifanya damu kuwa nzito. Kivuli huuondolea kazi hiyo. Ya tatu, iliyo dhahiri, ni kwamba watu hutembea zaidi palipo na mahali pazuri pa kutembea, na kutembea ni dawa ya moyo isiyohitaji mjadala.

Ya nne ni sauti, nayo nitakaa nayo kidogo kwa kuwa hupuuzwa. Kelele za magari humwamsha mtu hata pale asipozinduka: mapigo hupanda, homoni za tahadhari humwagika, na mwili hurudia hivyo usiku kucha. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia picha za ubongo na ateri za watu wapatao 500, ukalinganisha na kelele za mahali wanapoishi. Penye kelele zaidi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ilikuwa na kazi zaidi, ateri zilikuwa na inflamesheni zaidi, na katika miaka iliyofuata watu hao walipata matatizo ya moyo zaidi. Mwaka 2018 ofisi ya WHO ya Ulaya ilipendekeza kelele za barabara zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, na 45 usiku. Moshi na kelele hutoka kwenye magari yaleyale. Bustani hukupa likizo ya vyote viwili kwa pamoja, na pengine ndiyo sababu ni vigumu kusema faida yake inatoka wapi hasa.

Suala la kipato lilipata mwanga mwingine Uingereza. Mwaka 2008 watafiti walichambua takwimu za watu milioni 40.8 wenye umri wa chini ya kustaafu. Katika maeneo yenye kijani kidogo kabisa, maskini zaidi walikuwa wakifa kwa magonjwa ya moyo na mishipa mara 2.19 ya matajiri zaidi. Katika maeneo yenye kijani kingi, pengo lilishuka hadi mara 1.54. Halikufutika, maana bustani haibadilishi mshahara wa mtu. Lakini kupunguza pengo la vifo kiasi hicho ni jambo ambalo sera nyingi za afya zingetamani kulidai.

Jaribio la karibuni zaidi liko Louisville, Kentucky. Mradi wa Green Heart ulianza mwaka 2018 kwa kuwapima mamia ya wakazi damu na mkojo, kisha ukapanda zaidi ya miti mikubwa na vichaka 8,000 katika baadhi ya mitaa, na mingine ikaachwa ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo ya kwanza yalitangazwa Agosti 2024: waliopandiwa miti walikuwa na kiwango cha chini, kwa asilimia 13 hadi 20, cha protini ya damu inayoonyesha inflamesheni. Hiyo ni alama ya hatari, bado haijawa hesabu ya mishtuko ya moyo iliyoepukwa, na ni vema isomwe hivyo. Ila inalingana na simulizi nzima ya chembe na ateri.

Matembezi ya saa mbili

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika mada hii ulifanyika London na kuchapishwa mwaka 2018. Watu 119 wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wengine wazima, wengine wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wengine wenye ugonjwa wa moyo, walitembea kwa saa mbili katika sehemu mbili kwa siku tofauti. Siku moja bustani ya Hyde Park, siku nyingine barabara ya Oxford Street, ambako wakati huo zilikuwa zikipita hasa teksi na mabasi ya dizeli. Baada ya kutembea bustanini, mapafu yalifanya kazi vizuri zaidi na ateri zikalegea, na nafuu hiyo ilionekana hata siku ya pili. Baada ya kutembea Oxford Street, mwendo uleule, muda uleule, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilipotea. Mazoezi yalifanyika, moshi ukala faida. Miongoni mwa wenye ugonjwa wa moyo, waliokuwa wakitumia dawa zao walionekana kudhurika kidogo kuliko wasiotumia.

Je, basi mtu aache mazoezi ya nje? Kwa sehemu kubwa ya miji, hapana. Hesabu iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2016 ilionyesha kwamba kwenye chembe laini za wastani wa maikrogramu 22, ungelazimika kuendesha baiskeli saa nyingi mno kwa siku kabla madhara hayajazidi faida. Hata kwenye 100, ambayo ni hewa chafu sana, kuendesha baiskeli mpaka saa moja na nusu kwa siku bado kulikuwa na faida. Kukaa tu ndani bila kujongea kuna gharama yake. Cha maana ni kuhama njia: mtaa mmoja nyuma ya barabara kuu mara nyingi una hewa tofauti kabisa. Siku za jua kali, asubuhi ni bora kuliko alasiri kwa sababu ya ozoni. Na wanaopika kwa kuni au mkaa ndani wakumbuke kwamba chembe za jikoni ni zilezile. WHO inakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe laini. Zile za kuchuja kweli, zinazobana vizuri usoni, zinaweza kusaidia: wagonjwa 98 wa moyo waliotembea Beijing wakiwa nazo walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, na mioyo yao ilionyesha dalili chache za kukosa oksijeni kuliko walipotembea bila hizo.

Kwa aliye na ugonjwa wa moyo, siku hewa inapotangazwa kuwa mbaya si siku ya kuruka dozi wala ya kubeba mizigo mizito kando ya barabara. Na maumivu au uzito katikati ya kifua, hasa yanayosambaa mkononi, mgongoni au kwenye taya, yakiambatana na jasho jembamba au kukosa pumzi, yasihesabiwe kuwa ni moshi tu utakaopita. Ni ya kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.